Askari wa Kigeni na Kinyongo Anachokiacha Nyuma

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Vijana wetu huuliza: kwa nini watu wa nchi za Kiislamu huwachukia askari wa kigeni, hata wale wanaosema wamekuja kusaidia? Wengi wakijibu huanza na Iraki na Afghanistani. Sisi watu wa Kasongo na Kabambare hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jibu limo katika ardhi hii tunayoilima.

Mwaka 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alimfanya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kuwa wali wake pale Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye urafiki ule ukawa vita. Mwezi wa tatu 1893 jeshi la Bula Matari chini ya Dhanis liliitwaa Nyangwe, na mwezi wa nne likaingia Kasongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikaanguka.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Hapa, ndugu msomaji, tusijidanganye. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita hapa, na vijiji vilichomwa na watu waliokuwa wakisali kama tunavyosali sisi. Anayesoma historia kwa kuuruka ukurasa huo hajasoma. Lakini tazama kilichofuata. Watu waliofunguliwa minyororo wakatwishwa kodi ya mpira na pembe, mizigo ya lazima na fimbo ya kiboko. Mtu akikuambia nimekuja kukuondolea dhuluma, kisha akakaa, akala chakula chako na kukupiga, hata lile jema alilolifanya hutalikumbuka. Sura yake ya ugeni ni jambo dogo. Kinachouma ni ahadi iliyogeuka.

Na wa kwanza kuasi walikuwa wale waliomtumikia. Gongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, mshika bunduki na mkamataji watumwa. Mwaka 1892 akahamia upande wa Bula Matari, na bila watu wake vita ile isingekwenda kama ilivyokwenda. Malipo yake? Mwezi wa tisa 1893 maofisa walimshtaki kwa uhaini wakampiga risasi huko Ngandu. Askari waliotoka kwake hawakusahau. Mwaka 1895 waliasi Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Mwaka 1897 ukazuka uasi mwingine, mara hii katika safari ya Dhanis mwenyewe kuelekea Nili, na mwaka 1898 waasi hao waliingia Kabambare na kuitwaa. Mji uliochukuliwa na Dhanis ukachukuliwa na askari wake mwenyewe! Haikupita miaka mitano.

Sasa tuje kwenye madhara ambayo watu hawayaoni kuwa ni ya vita. Wabelgiji waliiweka elimu mikononi mwa misioni, na serikali ikatoa fedha zake kwa shule hizo. Babu zetu wakaona mambo mawili kwa pamoja: bunduki iliyoingia Kasongo, na padri aliyekuja nyuma yake. Wakasema, mwanangu haendi huko akabatizwe. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani ubatizo ulikuwapo kweli. Lakini shule za serikali zisizo za misioni kwa watoto wa Kikongo zilikuja kuanza mwaka 1954 tu, na uhuru ulikuwa 1960. Hesabu mwenyewe. Vizazi viwili vya Waislamu wa Maniema vilikua na Kiswahili na chuo cha Kurani, bila diploma, na ofisi zilipofunguliwa wengine ndio waliokuwa na karatasi. Kinyongo kilimlinda mtoto na dini yake, kikamnyima kalamu. Hasira ya haki nayo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mjukuu.

Vita vya 1998 wengi wetu tuliviona. Mwezi wa kumi mwaka huo Kindu iliangukia mikononi mwa RCD na askari wa Rwanda, na sehemu kubwa ya Maniema ikawa chini yao. Mai-Mai wakawa msituni. Mwanakijiji akawa kati: akimpa mmoja mihogo, mwingine anamwita msaliti. Baada ya mapatano ya Pretoria ya mwezi wa saba 2002 askari wa Rwanda waliondoka. Neno msaliti halikuondoka. Askari wa kigeni hurudi kwao na kuacha majirani wakitazamana, na mtu anaulizwa lugha ya mama yake kabla ya kuulizwa alifanya nini. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Haisemi kwamba aliyetudhulumu hakudhulumu. Inatuzuia tusimbebeshe mwingine mzigo wake.

Wapo pia wanaokifanyia kinyongo biashara. Ethiopia iliingia Somalia mwishoni mwa 2006 kuziondoa Mahakama za Kiislamu. Ilipoondoka mwanzoni mwa 2009, Al-Shabaab, waliokuwa kikundi kidogo, walikuwa na nguvu kuliko kabla. Mwaka 2010 wakaua watu zaidi ya 70 Kampala, watu waliokuwa wakitazama mpira. Huku kwetu ADF, waliotoka Uganda, wanaua wakulima wa Beni na Ituri kwa jina la dini yetu. Mwezi wa tano 2021 sheikh aliyekuwa akiwakemea alipigwa risasi akiwa msikitini Beni. Kijana anayeletewa simu yenye picha za nchi za mbali, aambiwe alipize, na aulize kwanza: yule sheikh alikuwa askari wa nani?

Kuna njia nyingine, ni ndefu na inachosha. Mwezi wa sita 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa mmoja wao. Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikashinda mwaka 2005. Mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Majaji walisema madai mengi hayakuwa na ushahidi wa kutosha: waliokufa hawakuandikwa, nyumba zilizochomwa hazikuhesabiwa.

Je, za kwetu ziliandikwa? Wazee wanaojua nani alikufa Kasongo na Kabambare kuanzia 1998, siku gani na mahali gani, bado tunao, lakini kila mwaka tunamzika mmoja wao. Kila msikiti unaweza kununua daftari moja. Waandikwe Waislamu na Wakristo, waliouawa na wageni na waliouawa na wenzetu, kila mmoja kwa jina lake na jina la kijiji chake.