Umeme wa akiba nao ni bidhaa

Mwenye duka mjini Karatu anaponunua umeme wa LUKU hulipa bei ileile alfajiri na saa mbili usiku. Gharama ya kuupata umeme huo haifanani katika saa hizo mbili. Kwenye nchi zenye soko huria, pengo hilo ndilo huwapa wasambazaji wa umeme faida, au hasara.

Masoko ni mawili. La kwanza ni la nishati: msambazaji hununua leo kwa jumla umeme wa kesho, saa kwa saa, kisha huuuza rejareja. Umoja wa Umeme wa Kusini mwa Afrika (SAPP) ulianzisha soko kama hilo mwaka 2009. La pili ni la akiba. Mwendesha gridi hulipa mtu akae tayari, kama dereva anayelipwa kumsubiri mgeni langoni. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, aliye tayari huitwa, na kwa kawaida hulipwa tena kwa nishati aliyotoa.

Msambazaji hana mtambo mkubwa, ila ana wateja. Tuseme soko hilo lipo Karatu. Hoteli za ukingo wa kreta ya Ngorongoro zina jenereta, mashamba ya kahawa ya Oldeani yana mashine, na pampu za visima zaweza kusimama nusu saa bila mtu kukosa maji, mradi matangi yamejaa. Msambazaji akikubaliana nao wawe tayari kupunguza kilowati 500, akawalipa sh. 20 kwa kilowati kwa kila saa ya kusubiri na kuuza akiba hiyo kwa sh. 35, hubakiwa na sh. 7,500 kwa saa. Kwa saa tano kila jioni, mwezi wa siku 30 humpa sh. 1,125,000. Si fedha nyingi, lakini hakusimamisha hata nguzo moja. Hatari ni kwamba jioni ndipo hoteli nazo zinahitaji umeme wake. Akiitwa na wateja wakagoma, faini yaweza kumeza faida yote ya mwezi.

Tanzania haina soko la namna hiyo. TANESCO huzalisha, husafirisha na kusambaza, na bei huidhinishwa na EWURA. Kwa mikoa ya kaskazini jambo zito zaidi ni umbali. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liko Rufiji, na umeme mwingine hupotea njiani. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitaja hasara ya takriban sh. bilioni 32 kwa mwaka alipotetea mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya.

Mwekezaji mdogo hawezi kununua hisa za TANESCO Dar es Salaam, kwani haziuzwi. Mfano wa karibu ni Umeme ya Uganda, iliyouza hisa kwa umma mwaka 2012. Haikuwa na soko la akiba. Ilinunua umeme kwa bei iliyopangwa na kupata sehemu ya faida yake kwa kupunguza upotevu, ambao mwaka 2005 ulikuwa karibu asilimia 38 na baadaye ukashuka chini ya 20. Mkataba wake wa miaka 20 uliisha Machi 2025. Serikali ililipa dola milioni 118, na kampuni ikasema inastahili zaidi.