Shawa ya Umeme na Waya wa Kijani: Soma Kabla Hujakarabati Bafu



Kijitabu hiki kimetoka kwa sababu ya malalamiko. Watu wanakarabati mabafu, wanabandika vigae vipya, wanafunga shawa inayochemsha maji papo hapo, na wiki haijaisha wanaleta habari ile ile: koki inapiga shoti. Wengine wameshazoea. Wanaoga na ndala miguuni, na mgeni akija wanamwonya afungue maji kwa kitambaa kikavu. Bafu la namna hiyo linaua. Kulizoea hakupunguzi hatari hata kidogo.

Tunajua wapo wanaoamini kila onyo la ofisi ni njia ya kuwatafutia watu fulani ulaji. Ofisi iliyotoa kijitabu hiki haiuzi shawa, haiuzi nyaya, wala haina fundi wa kukuletea nyumbani.

Waya wa kijani haukatwi

Shawa hizi huja na nyaya tatu. Ule wa kijani, au wa kijani wenye mstari wa manjano, ni wa ethi. Shawa itafanya kazi hata waya huo usipounganishwa, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Fundi mvivu anaukunja na kuusokomeza ukutani, au anaukata kwa koleo. Maji yanatoka ya moto, mwenye nyumba anafurahi, analipa, wanaagana.

Asichokijua ni kwamba ndani ya shawa nyingi za bei nafuu koili ya kupasha moto iko wazi, maji yanaigusa moja kwa moja. Umeme unaovujia kwenye maji unatakiwa kushuka ardhini kupitia ethi. Ukikosa njia hiyo utapita kwa aliye karibu, naye ni wewe, uliyelowa mwili mzima na kusimama peku kwenye sakafu yenye maji.

Kwenye ukarabati kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Baadhi ya nyumba za zamani zilitegemea bomba la chuma kuwa ndiyo ethi yao. Ukiling'oa na kuweka la plastiki, umeiondoa ethi, pengine ya nyumba nzima, na taa zote zitaendelea kuwaka kama kawaida. Kwa hiyo fundi umeme aitwe kabla fundi bomba hajagusa kitu. Tunarudia: kabla, si baada ya vigae kukauka.

Usikubali kuonyeshwa testa. Testa inawaka ikigusa waya wenye moto. Kuhusu uzima wa ethi haikuambii lolote. Ethi ina kipimo chake, na kipimo hicho kinatoa namba. Mwambie fundi aiandike namba hiyo kwenye risiti na kutia sahihi.

Usikubali pia kuambiwa "breka ipo". Breka ya ampea 32 inalinda waya usiungue. Binadamu anaweza kufa kwa umeme ulio chini kabisa ya ampea 1, na breka hiyo isishtuke. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, inayokata umeme mara tu inapohisi unavuja. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata umeme, hiyo RCD ni pambo.

Wenye maji ya kisima, someni hapa mara mbili

Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani, Dar es Salaam ikiwemo, yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi. Ukifunga shawa yenye koili ya wazi kwenye maji hayo, RCD itakatakata umeme kila mtu anapooga. Fundi atasema RCD ni mbovu, ataing'oa, na utulivu utarudi nyumbani. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake, naye ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinakupigania.

Kama maji yako yana chumvi, nunua shawa yenye koili iliyofunikwa, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa maji hayo, au achana na shawa ya umeme na ufikirie hita ya jua. Bei nafuu ya shawa ya koili ya wazi isikudanganye.

Ukubwa, mpangilio na mengineyo

Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta takriban ampea 24. Soketi ya ukutani mwisho wake ni 13. Kwa hiyo shawa haichomekwi kwenye soketi, wala haiungwi kwenye waya wa taa. Inapewa laini yake kutoka mein swichi, na swichi yake inakaa nje ya bafu. Kuoga dakika 10 kunakula karibu uniti 1 ya LUKU. Familia kubwa ipige hesabu mapema.

Usibadilishe kiwango cha joto ukiwa chini ya maji. Maji yakiwa yamekatika kwa mgao na sasa yamerudi, yaache yatiririke kwanza ndipo uwashe umeme, la sivyo koili itaungua.

Koki ikae karibu na mlango, uweze kufungua maji bila kumwagikiwa. Sakafu iteremke walau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Vigae vya sakafuni viwe vyenye mkwaruzo. Vile vinavyong'aa viache sebuleni. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya shawa, ile shawa pana ya mtindo wa mvua itakudondoshea matone, hivyo chagua ndogo au weka pampu. Kwenye nyumba yenye mzee, weka kishikio cha chuma kilichofungwa ukutani kwa skrubu.

Fundi na ukaguzi

Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe, uangalie daraja na tarehe ya kuisha. Akikasirika, mshukuru na umtafute mwingine. 

Ofisi hii pia hutoa ukaguzi wa bure, nao unahusu nyumba za kuishi zenye mita zake. Mpangaji aombe kupitia mwenye nyumba. Nyumba za wageni na hosteli zina utaratibu wao. Masharti mengine yamebandikwa ubaoni ofisini. Siku ya ukaguzi, risiti yenye namba ya ethi iwepo, na kifuniko cha shawa kiwe kimefunguliwa ili mkaguzi auone waya wa kijani ulipoishia. Fomu ya kuomba ukaguzi haiuzwi. Anayekudai pesa ya fomu hatumjui, ripoti jina lake.