SOMO LA AFYA: UVIMBE WA TAYA KWA WATOTO



Wengi wetu tuko na wadogo nyumbani. Basi somo hili si la biologia tu. Mtoto wa miaka 5 anasema meno yake yanacheza. Mama anazani ni meno ya utoto, wanayatoa. Nyuma ya siku chache shavu limevimba, jicho linasukumwa inje. Sasa jamaa wanatafuta mlozi, na siku zinapita. Ni siku zile zinaua mtoto.

1. Ni ugonjwa gani?
Ni kanseri ya selile nyeupe za damu, zile askari za mwili. Jina lake ni lenfoma ya Burkitt. Inapenda taya, lakini inaingia vilevile katika tumbo. Hakuna kanseri ya mtu inayokomaa mbio kama hii: kwa siku moja ao mbili inaweza kuwa mara mbili.

2. Ilijulikana namna gani?
Mwaka 1957, kule Kampala, munganga Denis Burkitt aliona mtoto mwenye kuvimba taya zote, juu na chini. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa motokari, kilometa karibu 16 000, hospitali kwa hospitali. Mmoja wao, Ted Williams, alitumika Kuluva, karibu na mpaka wetu. Waliona kwamba ugonjwa unapatikana katika nchi za joto na mvua, si juu milimani kwenye baridi: ni pale pale malaria inapokaa. Mwaka 1964, kule London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya selile za uvimbe huu. Karibu watu wote wanabeba virusi hiyo bila kuugua. Lakini malaria ya kila mara inasumbua wale askari, na selile moja ikiharibika, inazaana bila kipimo. Kanseri yenyewe haiambukizi mtu mwingine.

3. Kupima
Macho peke haitoshi. Munganga anakata kipande kidogo cha uvimbe, ao anavuta selile kwa shindano, wanatazama kwa mikroskopi. Wanapima pia tumbo, mafuta ya mifupa na maji ya mgongo, kusudi wajue umefika wapi.

4. Kutunza
Kisu hakiponyeshi. Dawa ndiyo inaponyesha: siklofosfamide, vinkristine, metotreksate, katika mshipa, na nyingine katika maji ya mgongo. Mtoto apewe maji mengi, kwani uvimbe ukikufa kwa haraka unalemea figo. Nywele zitatoka, zitarudi. Uvimbe unaweza kupunguka kwa siku chache, na hapa wazazi wengi wanakosa: wanasema amepona, wanarudi naye kijijini. Kanseri inarudi na nguvu. Inafaa kumaliza dawa zote.

5. Kupona
Katika nchi za utajiri, watoto karibu 9 kwa 10 wanapona. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, sababu wanafika kwa kuchelewa, dawa inakosekana, ao feza inaisha katikati. Dawa na feza haziko mikononi mwetu. Lakini kuchelewa kuko.

Maulizo
1. Sababu gani ugonjwa huu haupatikani sana milimani?
2. Meno ya mdogo wako yanacheza na shavu linavimba. Utaambia wazazi nini, na siku gani?