Kurefusha miguu: Ni tiba au ni kubadili maumbile?

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri mlangoni mwa msikiti nilipokuwa navaa viatu. Akautazama mguu wangu wa kushoto, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, ile kazi uliyofanyiwa India inauma kiasi gani?"

Nilidhani ana mgonjwa nyumbani. Kumbe aliuliza kwa ajili ya nafsi yake. Miguu yake yote miwili ni mizima. Anachotaka ni kuongeza kimo.

Tulikaa barazani akanieleza. Posa yake ilikuwa imerudishwa, na mshenga hakumficha sababu: upande wa binti wamesema dini anayo, kazi anayo, lakini ni mfupi mno. Katika simu yake amekuwa akitazama picha za hospitali za Istanbul, Uturuki, ambako watu kutoka nchi mbalimbali huenda kurefushwa miguu. Fedha hana, ila ana kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, naye yuko tayari kukiuza.

Nimeona niandike hapa niliyomwambia, kwani hapana shaka wako vijana wengine wenye fikra hiyo ambao hawana wa kumuuliza.

Kwanza nieleze nilivyofika India. Mwaka 2011 niligongwa na gari nikiwa juu ya pikipiki, na mfupa wa goko ukavunjika. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita 4. Nilitembea kwa kuchechemea, kiuno kikawa kinaniuma usiku na mchana. Mwaka uliofuata ndugu walinichangia nikapelekwa India, nikafungwa chuma cha kurefusha mfupa.

Tiba hii haikuanzishwa kwa ajili ya urembo. Aliyeiasisi ni daktari wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi katika mji wa Kurgan, huko Siberia. Miaka ya 1950 alikuwa na wagonjwa wengi ambao mifupa yao ilikataa kuunga, wakiwamo waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Akabuni chuma chenye pete zinazouzunguka mguu, zilizoshikwa na waya nyembamba zinazopenya nyama na mfupa. Akagundua kuwa mfupa ukikatwa kwa uangalifu, kisha sehemu zake mbili zikaachanishwa polepole sana, mwili wenyewe hujaza pengo kwa mfupa mpya. Miongoni mwa aliowatibu ni Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Olimpiki ya mwaka 1964, aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1965. Baada ya tiba alirudi kuruka tena.

Baada ya kukatwa mfupa, mgonjwa huachwa siku kama tano hadi saba. Kisha pete huanza kuachanishwa kwa kuzungusha komeo ndogo. Kwa siku moja mfupa hurefushwa milimita 1 tu, nayo hugawanywa mara nne, kila mara robo ya milimita. Ukizidisha, neva na misuli haiwezi kufuata, na mfupa mpya haupati nafasi ya kuota. Ukichelewesha mno, mfupa unafunga kabla ya wakati, na itabidi ukatwe tena.

Kazi ya kuzungusha komeo huachiwa mgonjwa mwenyewe au mtu wake. Mimi nilizungusha baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi na kabla ya kulala. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka. Akili inakuambia kuwa unauchana mguu wako kwa mikono yako mwenyewe, na kwa hakika ndicho unachokifanya. Mke wangu aligeuza uso ukutani. Nilisema Bismillahi nikazungusha, na sikusikia kitu. Maumivu hayakuja siku hiyo. Yalikuja wiki ya pili, misuli ilipoanza kuvutika kama kamba ya mashua, na yalikuja usiku zaidi kuliko mchana.

Hofu ya kisu ni ya saa chache, maana unachomwa nusukaputi ukalala. Hofu ninayoikumbuka ni ile ya kila asubuhi ya kufungua bandeji na kutazama matundu ya waya: je, yametunga usaha? Mara mbili yalitunga. Hofu nyingine ni ya kisigino. Misuli ya nyuma ya mguu ikivutwa hukinyanyua kisigino, na usipofanya mazoezi kila siku, unyayo hubaki umeelekea chini usiweze kukanyaga. Nililia kwenye mazoezi hayo mbele ya kijana wa mazoezi ya viungo ambaye ningeweza kumzaa.

Sentimita 4 zilinichukua siku 40. Wengi hudhani hapo ndipo mwisho. Hapo ndipo nusu ngumu inapoanza, kwani mfupa mpya ni laini na lazima usubiriwe ukomae. Chuma kilikaa mguuni kwa miezi sita. Niliswali nimekaa kitini, na udhu nilielekezwa na sheikh nioshe panapoosheka na nipanguse juu ya bandeji. Chuma kilipotolewa nilitembea kwa magongo kwa wiki kadhaa nikijifunza upya jambo alilolijua mtoto wa miaka miwili.

Alhamdulillah, leo natembea sawa, nami nawashukuru walionitibu. Lakini nilimwambia kijana wangu jambo moja alilokuwa hajalifikiria. Mimi nilikatwa mguu mmoja, nikauegemea mwingine. Anayetaka kimo hukatwa yote miwili. Hana mguu wa kuegemea hata wa kumpeleka msalani. Anayetaka sentimita 6 atahitaji siku 60 za kurefusha tu, kisha miezi ya kusubiri mfupa ukomae, na karibu mwaka mzima kabla ya kurudi katika kazi ya kusimama. Nani atambeba? Nani atakula kwa jasho lake wakati huo?

Akanijibu kuwa siku hizi kuna chuma kinachowekwa ndani ya mfupa, kikarefushwa kwa sumaku kutoka nje, hakuna pete wala matundu ya waya. Ni kweli kipo, na kimepunguza usumbufu mwingi. Lakini mfupa bado hukatwa, misuli bado huvutwa, na neva bado zinaweza kudhurika. Mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kuingia katika damu na kufika mapafuni, na damu inaweza kuganda miguuni. Mwaka 2021 aina moja ya vyuma hivyo iliondolewa sokoni baada ya mabadiliko mabaya kuonekana katika mifupa ya baadhi ya wagonjwa. Na China, ambako biashara ya kurefusha watu kwa ajili ya kimo ilikuwa imeshamiri, Wizara ya Afya iliipiga marufuku mwaka 2006, ikaruhusu upasuaji huo kwa sababu za matibabu pekee. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya dini. Waliona watu wakilemaa.

Sasa tuje katika upande wa sheria. Mimi si mufti, na kila mwenye jambo lake amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini misingi inajulikana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Allah (S.W.) anatueleza kuwa kuwaamrisha watu wabadili maumbile Aliyoyaumba ni katika viapo vya Shetani. Na imepokewa kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) hadithi ya laana kwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutafuta uzuri. Kwa upande wa pili, sahaba Arfajah bin As'ad (R.A.) alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa mwanamme imekatazwa. Kutokana na dalili kama hizi wanachuoni wengi wa zama zetu wametenganisha kati ya kuondoa kasoro au madhara, na kubadili umbo zima kwa ajili ya uzuri tu. Chuma ni kile kile, daktari anaweza kuwa ni yule yule, lakini hali mbili hazifanani.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kijana alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau: "Ustadhi, wewe ulikuwa unachechemea, watu wakakuchangia. Mimi nacheka nao wakinicheka. Nani alinianza kuniita Nukta?"

Ndugu msomaji, ni mimi. Nilimsomesha madrasa akiwa na miaka tisa. Alikuwa mdogo kuliko wenzake wote, na siku moja nikifundisha herufi ya ba, nikamsimamisha nikasema hii ndiyo nukta yake. Darasa zima lilicheka. Nilikuwa na mapenzi naye, wala sikukusudia ubaya. Lakini jina lile lilitoka nje ya madrasa, likaenda uwanja wa mpira, likaenda sokoni, na inaelekea liliifika hata nyumba ile aliyopeleka posa.

Nilikuwa namsomea aya ya Suratun-Nisaa, nikaisahau aya ya 11 ya Suratul-Hujuraat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Nilikuwa namtajia hadithi ya Ibn Mas'ud, nikasahau Ibn Mas'ud mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba wa miguu. Siku alipopanda mti kukata mswaki, upepo ukaifunua miguu yake, na waliokuwapo wakacheka. Mtume (S.A.W.) aliwauliza wanacheka nini. Walipomwambia, akawajulisha kuwa miguu ile ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima Uhud. Hakumwambia Ibn Mas'ud avumilie. Aliwageukia waliocheka.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tunamkataza kijana asiende kukatwa mifupa, na tunafanya vyema kumkataza. Lakini anayeikimbia dhihaka hamsikilizi anayemdhihaki. Mzazi anayerudisha posa ya mwenye dini na tabia njema kwa ajili ya sentimita chache, naye ameshika ncha moja ya kile kisu. Mwalimu mwenye utani usio na mipaka ameshika ncha ya pili.

Nilimwomba radhi barazani pale pale. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikaomba radhi mbele ya wale wale waliolirithi jina lile kwangu, nikawaomba wamwite kwa jina alilopewa na wazazi wake siku ya akika. Wako waliotabasamu, na wako walioinamisha vichwa. Aidha nimeongea na mshenga, ili apeleke posa nyumba nyingine, na safari hii nitafuatana naye mimi.

Kijana hajaniambia ameamua nini, nami sijamshika koo anijibu. Kiwanja bado hakijauzwa. Jana alipita dukani kwangu akaomba kuuona mguu wangu. Nilipandisha suruali nikamwonesha makovu ya waya, moja baada ya jingine. Aliyagusa kwa kidole, akauliza kama yanauma bado wakati wa baridi. Nikamwambia ukweli kuwa yanauma.

Allah (S.W.) atuhifadhi na shari ya ndimi zetu, na awape vijana wetu utulivu wa nyoyo. Amin.