Frateri, Huo Ni Mwezi au Taa ya Bodaboda? Somo la Kupiga Picha Mwezi na Nyota



Kuna walioniomba niwafundishe kupiga picha za mwezi. Haya, leo tukae darasani. Ila nianze na aibu yangu, maana somo lenyewe limo humo.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mnaikumbuka. Asubuhi, kule Roma, Papa Leo XIV aliwatangaza Carlo Acutis na Pier Giorgio Frassati kuwa watakatifu. Usiku wake mwezi ukapatwa kabisa, na sisi wa Afrika Mashariki tuliona yote, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji, parokia moja ya vijijini mkoani Singida. VIWAWA wa pale walikuwa wanaandaa kalenda ya 2026, ili mauzo yake yachangie paa la chumba cha katekesi. Nikajitapa: "Picha ya mwezi wa Septemba niachieni mimi." Padre mmoja alikuwa ameniazima kamera nzuri ya kisasa na lenzi ya 200mm. Basi tukatandika mikeka uwanjani, wazee kwa watoto, tukasubiri.

Picha ya kwanza nilipiga kabla mwezi haujaanza kupatwa, nikamwonyesha binti mmoja wa kipaimara. Akaangalia weee, kisha akauliza kwa upole: "Frateri, huo ni mwezi au taa ya bodaboda?"

Alikuwa na haki. Lilikuwa doa jeupe tu, halina hata alama moja.

Kosa la kwanza: kudhani mwezi ni taa

Niliiacha kamera ijiamulie yenyewe. Kamera ikiangalia anga la usiku inaona giza karibu kila mahali, halafu kadoa kadogo kanakong'aa. Inahesabu wastani, inasema "hapa pana giza," inaongeza mwanga. Mwezi unaungua.

Ukweli ni kwamba mwezi hauna mwanga wake. Ni jiwe kubwa lililoanikwa juani. Tena jiwe lenyewe ni jeusijeusi, linarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaolipiga, halipishani sana na lami iliyochakaa. Sisi tuko usiku, lakini kule kwenye jiwe ni mchana. Kwa hiyo unapiga picha ya kitu kilichoko juani, na mipangilio inakuwa ya mchana.

Wapiga picha wana kanuni rahisi: tundu la lenzi f/11, na muda wa shata ulingane na ISO. ISO 100, basi sekunde 1/100. Ukifungua tundu hadi f/8, shata iwe 1/200. Hiyo ni kwa mwezi mpevu. Mwezi nusu una mwanga hafifu zaidi, jaribu f/8 kwa 1/50, halafu rekebisha.

Hapa ndipo kamera zisizo na kioo cha ndani, zile mafundi wanaziita mirolesi, zinapomsaidia anayeanza. Unachokiona kwenye skrini ni kile sensa inachokipokea. Ukiwasha onyesho la mwanga kwenye menyu, unazungusha gurudumu la shata na kuona mwezi ukipungua mng'ao hadi yale mabaka meusi yanajitokeza. Acha hapohapo.

Mambo matano kabla hujabonyeza

1. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Huna? Gunia dogo la mchanga juu ya ukuta linatosha.
2. Zima kitulizo cha mtikisiko. Kamera ikiwa imetulia, kwenye baadhi ya lenzi kifaa hicho kinaweza kuleta mtikisiko chenyewe.
3. Fokasi iwe ya mkono. Kuza picha kwenye skrini mara 10, zungusha pete ya lenzi polepole mpaka ukingo wa mwezi ukate vizuri.
4. Tumia kipima muda cha sekunde 2, kwa sababu kidole chako kinatikisa kuliko unavyodhani.
5. Hifadhi faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu. Na beba betri ya pili, maana kamera hizi skrini inafanya kazi muda wote na chaji inakwisha haraka.

Usishangae mwezi kuonekana mdogo. Kwa lenzi ya 200mm, picha yake juu ya sensa haifiki milimita 2. Unaukata na kuukuza baadaye kwenye kompyuta.

Kitu kingine: usisubiri mwezi mpevu tu. Mwezi nusu ni mtamu zaidi kwa picha, kwa sababu jua linaupiga kwa ubavu, na kwenye mpaka wa mwanga na giza milima na mashimo yanatupa vivuli virefu. Vivuli hivyohivyo ndivyo Galileo alivyoviona kwa darubini yake, akaandika mwaka 1610 kwamba mwezi una milima na mabonde. Wanafalsafa waliomfuata Aristotle walikuwa wamefundisha kwa karne nyingi kwamba ni tufe laini lisilo na doa. Jamaa hawakuwa wajinga. Walikuwa na wazo zuri kuhusu mwezi, wakaling'ang'ania.

Kosa la pili: kubaki na jibu la jana

Turudi uwanjani. Saa 1 na dakika 27 usiku kivuli cha dunia kilianza kuumega mwezi. Kwa mipangilio mipya nilipata picha safi, watu wakapiga vigelegele. Kwenye skrini ukingo wa kivuli ulionekana wazi kuwa wa mviringo. Aristotle aliitumia hoja hiyo kuonyesha kwamba dunia ni tufe: kila mwezi unapopatwa, kivuli kinachoupita ni cha duara. Mimi hoja hiyo niliikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Usiku ule niliiona kwa macho.

Nikavimba kichwa. Saa 2 na nusu mwezi ukazama wote kivulini, ukawa mwekundu kama kaa la moto. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Picha zote nyeusi tii.

Mwezi uliopatwa kabisa mwanga wake unapungua kwa maelfu ya mara. Unabaki na ule mwanga wa jua unaopita pembeni mwa dunia, ndani ya hewa yetu, ukipindishwa kuelekea kivulini. Rangi ya bluu inatawanyika njiani, nyekundu inafika. Yaani mawio na machweo yote ya dunia kwa wakati ule yanaangukia mwezini. Na mimi bado nilikuwa kwenye mipangilio ya mchana! Ilitakiwa nianzie ISO 3200, f/5.6, nusu sekunde.

Nilihangaika zaidi ya saa nzima. Kwa papara niliweka sekunde 4, mwezi ukavutika kama yai, kwa sababu dunia haiachi kuzunguka. Karibu na saa 3:50, mwanga ukikaribia kurudi, ndipo nikapata picha moja. Mwekundu, unaonekana, lakini una ukungu kidogo pembeni.

Mwenyekiti wa VIWAWA akaja kunifariji. "Frateri, usijitese. Intaneti imejaa picha za leo, kali kuliko hiyo. Tuchukue moja tuandike jina lako. Nani atajua?"

Sitawadanganya, nilishawishika. Niliona aibu mbele ya watu, paa linahitaji hela, na picha mbaya hainunuliwi. Niliwaza usiku kucha. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe kilivyo. Miaka yote ya falsafa nilidhani hilo ni somo la darasani. Kumbe siku hiyo kamera ilikuwa imenifundisha mara mbili: picha inaharibika pale ninapoweka dhana yangu mahali pa kitu. Sasa nikibandika mwezi wa mtu mwingine na kuandika jina langu, nitakuwa nimefanya kosa lilelile mara ya tatu, na safari hii kwa makusudi.

Asubuhi nikamwambia mwenyekiti: "Tunaweka hii yenye ukungu." Hakufurahi. Chini yake tukaandika tarehe, saa, na jina la kigango.

Kalenda zilipotoka, mama mmoja mzee alinunua mbili. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa ile picha ya Septemba. Akacheka. "Mwanangu, huu ndio ule tuliouangalia tukiwa mkekani. Mjukuu wangu alilala mapajani." Angenunua mwezi wa mtu wa mbali kwa sababu gani?

Zoezi lenu

Mwezi huu toka nje usiku mmoja wenye mwezi nusu, piga picha kumi, usifute hata moja. Andika mipangilio ya kila moja na kosa lake. Usiku usio na mwezi, jaribu nyota: lenzi pana, f/2.8, ISO 3200. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi, na kama sensa ni ndogo gawa tena kwa 1.5. Jibu ndizo sekunde zako kabla nyota hazijavutika. Kati ya Aprili na Juni, mapema usiku, tazama kusini uitafute Salibu, ule msalaba wa nyota.

Na kumbukeni, Pasaka yetu inafuata mwezi mpevu, kwa hiyo Alhamisi Kuu mwezi huwa mkubwa angani. Mkitoka kuabudu, inueni macho.

Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa kabisa tena, mapema usiku kwa saa zetu, tukijiandaa na mkesha wa Mwaka Mpya. Mimi nitakuwa na stendi yangu na betri mbili. Hata kama nitapata taa ya bodaboda, nitawaonyesha.

Mungu awabariki.