Sensa ya hewa ya gari: usiioshe kwa dawa ya kabureta

Leo tuweke viuatilifu pembeni tuongelee gari, maana mchicha uliovunwa alfajiri Toangoma ukikwama njiani mpaka saa nne, pale Temeke Stereo unauza kwa huruma ya mnunuzi.

Kijana mmoja ninayemtembelea alikuwa na Probox inayokosa nguvu kwenye mlima, ikisimama inatetemeka, na taa ya injini imewaka. Fundi akasema sensa ya hewa imechafuka, na kweli ilikuwa hivyo. Shida ikaja kwenye kuisafisha: akapuliza dawa ya kabureta, akamalizia na upepo wa kompresa. Kesho yake gari ikawa inazima kila ikisimama. Mwisho ikabidi anunue sensa ya mtumba Kariakoo.

Sensa hii inakaa kwenye bomba la hewa, baada tu ya eya klina. Ndani kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima umeme unaotakiwa kuurudishia joto. Hapo ndipo inajua imwage petroli kiasi gani. Vumbi likiganda kwenye waya, hesabu inakuwa ya uongo.

Mnaopulizia dawa hili mnalijua: nozeli ikiziba huizibui kwa sindano, ukilipanua tundu kipimo kimeharibika. Waya huu ni dhaifu kuliko nozeli. Kwa hiyo hakuna mswaki, hakuna pamba, hakuna kompresa. Dawa ya kabureta ni kali, inaweza kula plastiki na kuacha utando. Petroli na thina msiguse kabisa.

Kinachofaa ni kopo lililoandikwa wazi kuwa ni la sensa ya hewa (CRC wanalo, na wengine). Soma kopo mwenyewe kama unavyosoma lebo ya kiuatilifu, usikubali "hii nayo ni ile ile". Ukikosa, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 inasaidia. Ile ya 70 ina maji mengi, na sanitaiza ya mikono ina vilainishi, hiyo sahau.

Zima gari, injini ipoe. Chomoa soketi ya umeme, fungua skrubu, toa sensa. Puliza mara kumi hivi bila mrija kugusa waya. Usiifute, iache ikauke yenyewe dakika 15 au zaidi ndipo uirudishe. Dawa hizi zinashika moto, msiwashe sigara karibu.

Wenye kirikuu, ulizeni fundi kwanza, nyingi hazina waya huu. Na kabla ya yote kagua eya klina. Kama imechanika au haikai vizuri, utasafisha sensa leo na mwezi ujao utairudia, hasa mnaopita vumbi la Mabwepande kila siku.