Nyama Isiyotoka Machinjioni

Tarehe 5 Agosti 2013, mjini London, ilipikwa na kuliwa nyama isiyotoka machinjioni. Mtaalamu wa Uholanzi, Mark Post, alichukua chembe hai za ng'ombe akazikuza katika maabara mpaka zikawa nyama. Desemba 2020 Singapore iliruhusu nyama ya namna hiyo iuzwe. Mwaka 2023 Italia iliipiga marufuku.

Je, watu wataikubali? Wengi huuliza ladha na bei. Lakini Mwislamu anayo maswali yanayotangulia: Chembe hizo zilitoka katika mnyama gani? Tena zililishwa nini? Kwani nyama ile ya London ilikuzwa kwa majimaji yaliyotolewa katika damu ya ndama, na damu imeharamishwa na Kurani Tukufu. Februari 2024 wanazuoni wa Baraza la Kiislamu la Singapore walitoa fatwa kwamba nyama hiyo yaweza kuwa halali, mradi chembe zitoke katika mnyama aliye halali, wala pasichanganywe kitu cha haramu.

Basi usikatae kitu kwa sababu ni kipya, wala usikile kwa sababu kimeitwa nyama. Uliza kwanza, ndipo unyoshe mkono.